Mkono wa Mfiwa Kitaluni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda mihogo kichwa chini. Nilipewa mzigo wa pingili, yaani vile vipande vya shina la mhogo ambavyo ndivyo mbegu yake, nikaonyeshwa tuta, nikaambiwa nipande. Nilikuwa kijana mwenye haraka, na nilitaka Mnyapara wa Kitalu aone kuwa serikali haikukosea kuniajiri. Nikazichomeka pingili moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa tuta, nikasimama na kujifuta jasho kama mtu aliyejenga nyumba.

Mnyapara alikuwa Mzee Salehe, mtu wa Iringa mjini ambaye wazazi wake walipanda kutoka pwani na biashara ya nguo. Alikuwa mnene kidogo, mwenye kofia safi hata kwenye matope, na Kiswahili chake kilitufanya sisi Wahehe tujisikie tunatafuna mawe tunapozungumza. Alilitazama tuta langu lote. Kisha akaniuliza kwa upole:

“Hebu niambie, bwana mdogo. Kwenu watu husimama kwa miguu au kwa kichwa?”

Wenzangu wakacheka. Mimi nikasema kwa miguu, mzee. Akainama, akang'oa pingili moja, akanionyesha jicho, kile kivimbe kidogo linapotokea chipukizi. Jicho lina uso wake, akasema, nalo hutazama juu lilikotazama tangu lilipokuwa kwenye mti. Ukiligeuza litaota, lakini litatumia nguvu zake zote kujipindua badala ya kukua. Nilizing'oa zote nikazipanda upya jua likiwa kali, na hakuna aliyenisaidia. Ndivyo ilivyotakiwa.

Kitalu chetu kilikuwa bondeni Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, karibu na mto ili tusibebe maji mbali. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, na vijana wa leo mnaonunua miche kwenye mifuko ya plastiki kando ya barabara hamwezi kujua jinsi mche mmoja ulivyokuwa na wenyewe. Mifuko haikuwapo. Tulisuka vikapu vidogo kwa majani makavu ya mgomba, tukajaza udongo wa msituni uliochanganywa na samadi ya zamani na mchanga wa mtoni. Kivuli kilikuwa kichanja cha miti kilichotandazwa mabua, nasi tuliyapunguza mabua hayo kidogo kidogo kadiri mche ulivyozoea jua.

Mzee Salehe alinifundisha mambo mengi pale, na karibu yote yalihusu kupata mmea mpya bila mbegu. Alinifundisha kung'oa chipukizi la mgomba, lile jembamba lenye majani kama upanga, na kuliacha lile lenye majani mapana hata kama linapendeza macho, kwa sababu halina nguvu chini. Alinifundisha kulaza tawi: unaliinamisha tawi refu la mzabibu au la asumini likiwa bado kwa mama yake, unalikwaruza kidogo ubavuni, unalifukia hapo penye jeraha na kuliwekea jiwe. Likishatoa mizizi yake ndipo unalikata. Asumini zote zilizopandwa kwenye nyua za Waislamu wa mjini nadhani zilitoka kwenye asumini moja ya mkewe Mzee Salehe, na alijivunia jambo hilo kuliko mshahara wake.

Na alinifundisha kubebesha, yaani kuunganisha kipande cha mti mmoja juu ya shina la mti mwingine. Tulianza na michungwa, ambayo hubebeshwa kwa jicho. Unapasua gome la mche wa mlimao kwa alama kama herufi T, unalifungua kama mtu anayefungua kola ya shati, unaingiza jicho la mchungwa mtamu, unafunga kwa ukindu. Nilimuuliza kwa nini tusipande tu mbegu ya chungwa tamu.

“Mbegu ni mtoto,” akanijibu, “na mtoto hana ahadi. Anaweza kumfuata babu yake aliyekuwa mchungu. Lakini ukichukua jicho la mti, umeuchukua mti wenyewe. Utamu wake umeuchukua, na ugonjwa wake pia umeuchukua, kama upo. Basi chagua vizuri unamkata nani.”

Nilikaa chini yake mpaka mikono yangu ikatulia. Kisha ikaja amri ya uhamisho, nami nikapandishwa kwenye lori la serikali pamoja na magunia ya samadi, tukaelekea Mufindi.

Kituo kilikuwa upande wa Igowole. Mtu wa bondeni akifika kule mara ya kwanza hudhani amekosea nchi. Ukungu unashuka asubuhi na wakati mwingine hauondoki kutwa. Mwezi wa sita na wa saba kunakuwa na sakitu, ule umande unaoganda juu ya majani, na mche usiofunikwa unakuwa mweusi kama uliopitiwa na moto. Tulifunika vitalu kwa majani ya siluu, gugu refu la porini, kila jioni na kufunua kila asubuhi. Kazi kubwa ya wakulima ilikuwa pareto, na pareto nayo haikuhitaji mbegu: uling'oa shina zee, ukaligawa kwa mikono kuwa vichaka vidogo, kila kimoja na mizizi yake, ukapunguza majani na kupanda. Wanawake wa Kibena na wa Kihehe walikuwa hodari wa kugawa kuliko sisi wenye mishahara.

Mkubwa wa kituo alikuwa Bwana Shamba wa Wilaya, Mwingereza mrefu mwenye magoti mekundu. Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani kwa walowezi, hakijui ngeli wala heshima, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi. Sitamsingizia. Yeye ndiye aliyenifundisha kubebesha kwa kikonyo, na sijaona mtu aliyekata kijiti kikawa laini namna ile kwa mkato mmoja.

Kikonyo ni kijiti cha mti unaoutaka, chenye macho mawili au matatu, kilichokatwa mti ukiwa umelala, yaani umepukutisha majani wakati wa baridi. Sisi tulikuwa tunabebesha miplamsi juu ya mipichesi ya kienyeji, ile inayoota yenyewe penye kila boma la zamani. Unakata mche wa pichesi mshazari, unakata kikonyo mshazari uleule, unavipasua vyote ulimi mdogo ili viumane. Chini ya gome kuna utando wa kijani, mwembamba sana, na huo ndio wenye uhai wote. Utando wa huku lazima ugusane na utando wa kule. Kisha unafunga kwa ukindu, unapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya ng'ombe, maji yasiingie. Baada ya hapo unasubiri. Macho yakichanua tunasema mche umeshika.

Bwana Shamba alipokuwa akipita kwenye vitalu hakusalimia kama watu. Aliuliza tu: “Nashika?” Ukijibu nashika, bwana, alitikisa kichwa na kuendelea.

Sasa niwaeleze jambo ambalo halikuwa kwenye mafunzo ya serikali. Watu wa pale waliamini kuwa mikono ya watu haifanani. Kuna mtu ana mkono. Walisema hivyo tu, ana mkono, na kila mtu alielewa: akichomeka fimbo inaota. Kuna mwingine mkono wake ni wa moto, akipanda kinachoota ni majani tu au hakioti kitu. Na mtu aliyefiwa, hata kama ana mkono mzuri kuliko wote, mkono wake huwa wa moto mpaka matanga yaanuliwe. Hapandi, hagusi mbegu, haingii kwenye shamba la mwenzake. Katika koo zile lilikuwa jambo la adabu kama kuvua kofia, na mimi nililikuta kwa baba yangu kabla ya kulikuta Igowole.

Mwanamke aliyesifiwa kwa mkono katika vitongoji vile alikuwa mjane mmoja mwembamba aliyelima pareto na viazi upande wa juu wa kituo. Msimu wa kupanda ulipofika, majirani walimwita aje achomeke shina la kwanza, kisha wao waendelee. Mimi nilimwoa binti yake. Jina la binti lilikuwa Skolastika.

Kwa hiyo yule mjane akawa mama mkwe wangu, na hapo ndipo nilipoacha kumwona. Vijana wa sasa mnakaa sebuleni na wakwe zenu mkitazama televisheni. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakusogeleana. Tukikutana njiani, mmoja aliingia kwenye siluu mpaka mwenzake apite. Salamu zilipitia kwa mtu wa tatu. Hakulitaja jina langu wala mimi lake. Haikuwa chuki hata kidogo. Nilimheshimu kuliko mtu yeyote pale, na heshima yenyewe ndiyo hiyo, kukaa mbali.

Skolastika alicheka kwa urahisi. Nikirudi jioni vidole vikiwa vimeganda nta alinifanya nivinyooshe karibu na moto, halafu aliibandua nta ile kipande kwa kipande, akinitania kuwa ameolewa na mshumaa. Tulikaa hivyo misimu michache tu.

Alifariki akijifungua, mwezi wa saba, wakati wa sakitu. Mtoto alipona, msichana. Mama mkwe akamchukua, akamlea kwa maziwa ya ng'ombe. Sitaandika mengi juu ya siku zile kwa sababu hata sasa sina maneno yake. Niliumia. Nilikuwa nakaa mlangoni nikitazama mikono yangu, nikiiona haina faida yoyote.

Tulikuwa bado kwenye matanga lori lilipofika kutoka Mbeya na vikonyo vya miplamsi. Vilikuwa aina mpya, vimekatwa kwenye bustani moja ya huko, vimefungwa ndani ya magunia yaliyoloweshwa. Bwana Shamba alikuwa amevisubiri mwaka mzima. Kikonyo hakikai. Unaweza kukifukia kwenye mchanga wenye unyevu kivulini kikavumilia siku kadhaa, lakini macho yakianza kuvimba basi, yatafunguka yenyewe bila mzizi na kufa. Mnyapara wa pale, Mzee Lukasi, alijua kubebesha zamani, lakini macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu na hakuweza tena kuuona ule utando wa kijani. Bwana Shamba mwenyewe alikata miche ya mwanzo kwa mkono wake, kisha akaitwa kikazi Iringa. Aliyebaki na kazi hiyo mkononi ni mimi.

Kabla hajaondoka Bwana Shamba alinitumia ujumbe, nikaenda. Wafanyakazi wote walikuwa wamekaa chini nje ya uzio wa kitalu, majembe yamelala kando. Mzee Lukasi alisimama akaja kunipokea kabla sijafika langoni.

“Kamwene, mwanangu.”

“Kamwene, baba.”

“Pole sana na msiba. Sisi wote tunalia na wewe.” Akawaonyesha waliokaa nje ya uzio. “Mimi sikufukuzi, Yustino. Lakini ukiingia humo, hawa watu wataondoka. Wanasema hawawezi kushika mche ulioguswa na mkono wa mfiwa. Na mimi, niseme ukweli, siwalaumu.”

Bwana Shamba alitoka kitaluni na kisu cha kubebeshea mkononi. Nadhani alikuwa amechoka kuliko alivyokuwa amekasirika.

“Hapana iko mkono moto,” akasema. “Iko kisu nzuri na kisu mbaya tu. Wewe iko huzuni, mimi najua. Mimi napata huzuni pia. Lakini vijiti hapana jua huzuni. Kesho mimi nakwenda Iringa. Mimi narudi, nataka kuona yote nashika.”

Akanikabidhi kisu, akaondoka. Nilibaki nimesimama kati ya lango na watu.

Msidhani nilikuwa upande wa Bwana Shamba moyoni. Ingekuwa rahisi leo kuandika kuwa nilicheka imani ile. Sikucheka. Niliogopa. Maneno yalikuwa yameshaanza kupita kwamba mtu anayekata vitu hai kila siku na kuviunga amekipeleka kisu nyumbani kwake, na kwamba ndiyo maana mke wake amekatwa asiungwe. Hakuna aliyeniambia usoni, lakini yalinifikia. Nikawaza: nikibebesha na vikonyo vikafa, kazi yangu imekwisha, hakuna mkulima atakayepokea mche wangu tena. Na baya zaidi ya hilo, nitakuwa nimepata jibu kuhusu Skolastika, kwamba ni kweli ni mimi. Nikikataa, ninafukuzwa, na kule nyumbani kuna mtoto mchanga anayenywa maziwa ya ng'ombe. Nikampa Mzee Lukasi kisu bila kukifungua, nikaenda zangu.

Nilichojua baadaye ni kwamba mke wa Mzee Lukasi alipanda mlima jioni ile akamweleza mama mkwe yote.

Asubuhi nilirudi kituoni, si kwa kuwa nimeamua, ila sikuweza kukaa ndani. Watu walikuwa palepale nje ya uzio. Nilikuwa naongea na Mzee Lukasi nilipoona wanageuza shingo. Mama mkwe alikuwa anashuka njia ya kituo, kaniki imefungwa kifuani, mtoto mgongoni. Nikafanya kama nilivyofunzwa: nikatoka njiani, nikaelekea kwenye siluu.

“Usikimbie, Yustino.”

Nilisimama kama niliyepigwa. Hakuwahi kulitaja jina langu. Wanawake waliokuwapo waliziba midomo yao.

Akaja mpaka nilipo. Akaomba maji, wakamletea kata. Akasema, “Lete mikono.” Nikainyoosha, uso wangu nikiwa nimeugeuza pembeni kwa aibu. Akainawisha yeye mwenyewe, kiganja kwa kiganja, kama mtu anavyomnawisha mtoto, maji baridi ya mwezi wa saba. Kisha akawageukia wale watu. Hakupaza sauti.

“Matanga ya mwanangu nayaanua mimi leo hii. Nilimzaa mimi. Kama yupo hapa mwenye uchungu kunizidi, asimame aseme bado.”

Hakusimama mtu. Mzee Lukasi alivua kofia yake.

“Haya,” akasema mama mkwe, “hicho kisu kiko wapi?”

Tuliingia kitaluni sisi wawili. Akapiga magoti penye mche wa kwanza wa pichesi, akaushika shina kwa mkono wake, ule mkono ambao watu walikuwa wakiuita mashambani kwao. Akaniambia kata. Nilikata. Mkato ule haukuwa mzuri, nikaurudia chini kidogo. Nikachonga kikonyo, nikakiingiza, nikatafuta utando wa kijani na machozi yakiwa yananisumbua, nikaupata. Nilifunga ukindu yeye akiwa bado ameshika. Mtoto alianza kulia mgongoni. Mama mkwe alimtikisa kidogo bila kuuachia mche.

“Mwenzangu,” akasema polepole, akiwa hanitazami, “mimi nimepanda maisha yangu yote. Nimepanda vikaota, nimepanda vikafa. Mwanangu hakufa kwa mkono wa mtu. Alikufa. Usinitafutie mkosaji ndani ya nyumba yangu.”

Akasimama, akamfunga vizuri mtoto, akatoka. Wakati anapita langoni wafanyakazi walikuwa wanaingia, mmoja mmoja, wakichukua ukindu na kopo la nta. Tulifanya kazi mpaka vikonyo vikaisha.

Kilichofuata kilikuwa kusubiri, na sijapata kusubiri vile tena. Nilikuwa naamka na kwenda kuyatazama macho yale kabla ya kuondoa siluu. Mwezi wa tisa yalianza kuchanua. Mengi yalishika. Mengine yalikauka. Nilizunguka na Mzee Lukasi akinishika bega, nikimwelezea mche kwa mche ambao hakuweza kuuona, na mwisho akauliza: iliyokufa ni zaidi ya mwaka jana au chini ya mwaka jana? Nikamwambia ni vilevile, mzee, iliyokufa imekufa kama miaka yote. Akasema, “Basi.” Sikuwahi kusikia neno zuri kama lile. Kama ingeshika yote ningedhani ni muujiza, na kama ingekufa yote ningejichukia. Ilikufa kiasi cha kawaida. Nilikaa chini kati ya matuta nikalia kwa sauti, ndipo nilipomlilia mke wangu kama alivyostahili.

Bwana Shamba aliporudi na kuuliza, nashika, nilimjibu nashika, bwana. Sikumweleza zaidi, naye hakuuliza. Alizunguka kitalu chote na mikono nyuma, akainamia mche mmoja au miwili, akasema nta ilipakwa vizuri.

Na mama mkwe? Wiki ileile nilikutana naye kwenye njia ya kisimani. Aliingia kwenye siluu, akanipa mgongo, akangoja nipite. Nilipita haraka, macho chini. Mambo yalirudi kama yalivyokuwa, na yalibaki hivyo. Binti yangu alikulia kwake, na kila nilichotaka kumwambia yule mama kilipitia mdomoni mwa yule mtoto.

Baada ya hapo nilipelekwa Mbeya, nikapanda cheo nikawa Msimamizi wa Vitalu. Bwana Shamba wa Jimbo alikuwa mtu wa maneno mengi na hasira za ghafla, lakini alinipa nafasi ya kutembea. Nilizunguka milimani nikifundisha wakulima, na mara nyingi zaidi nikifundishwa. Wanawake wa Kisafwa walinionyesha kwamba marando ya viazi vitamu hayapandwi siku yanapokatwa. Unayaacha kivulini yanyong'onyee kwanza, ndipo yanatafuta mizizi kwa hamu. Nimebebesha miparachichi, nimebebesha miembe ya watu wa Usangu, nimejaribu majani ya chai yanayopandwa moja moja chini ya kivuli kizito mpaka yatoe mizizi, na mengi yakaniozea. Uhuru ulikuja nikiwa na kisu mkononi. Wakubwa walibadilika, nami niliwaita kwa vyeo vyao vipya, lakini swali lao la kitaluni halikubadilika.

Nilistaafu nikarudi Igowole, nikajenga, nikaanzisha kitalu changu kidogo nyuma ya nyumba. Vijana wa mafunzo wakija kunitembelea huniuliza kama bado naamini mambo ya mkono. Huwa nawajibu kuwa mche unashika kwa utando wa kijani kugusana, kwa kisu kikali, kwa nta, kwa wakati. Hilo nimelithibitisha kwa maisha yangu na sina shaka nalo. Wanafurahi, wanadhani nimewajibu.

Mama mkwe alifariki akiwa mzee sana, na alifariki mwezi wa saba. Vikonyo vyangu vilikuwa vimeshakatwa, vimelala kwenye mchanga. Siku ile nilikifuta kisu nikakifunga kwenye kitambaa. Vikonyo vilivimba macho vikachanua palepale mchangani, vikafa, nami niliviacha. Wateja waliokuja niliwaambia warudi mwakani. Hakuna aliyenikataza kupanda. Wazee waliojua wameshakufa, na vijana hawajali tena.

Siku ya maziko walinifuata wakaniambia, mzee, kaa kitini, wapo vijana wa kubeba. Nikainuka nikaenda mbele kwenye jeneza, upande wa kichwa. Tangu nimwoe binti yake nilikuwa nimemkaribia mara moja tu. Nililishika, tukainua, nikambeba mpaka kaburini bila kupokezana na mtu.